Mtu wa Nne wa Kota Namba Kumi na Saba

Kilikuwa kikohozi tu. Kikavu, kifupi, kile cha mwanamume mtu mzima anayetaka walioko sebuleni wajue kwamba yupo. Na jamani, asubuhi ile kikohozi hicho kilimfaa Salvina kuliko rozari zote alizosali tangu Kwaresima ianze.

Afisa wa mradi wa nyumba, kijana mpole aitwaye Ezra, alikuwa amesimama mlangoni na kishikwambi mkononi. Viatu vyake vilikuwa vimebeba tope la kota nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Karibu ndani."

"Nashukuru mama, naishia hapa hapa. Huu ndio uhakiki wa tatu, na ndio wa mwisho. Nina majina manne: wewe mwenyewe Salvina, binti yako Loveness, mjukuu Victoria, na mzee Melkior. Mzee yupo?"

Mara ya kwanza alipoulizwa hivyo, Salvina alijibu bila kupepesa macho, "Yupo, ametoka kidogo." Mara ya pili akasema, "Yupo, amelala, ana homa." Leo ulimi ulimgandia. Aliutafuta uongo wa tatu akaukosa, na jasho likaanza kumtoka kwenye mstari wa kilemba. Ndipo kikohozi kikatoka chumba cha ndani.

"Ahaa, namsikia," Ezra akasema, akabonyeza kioo. "Mpe pole, mama. Kifua kibaya hicho."

Akaenda zake namba kumi na nane. Salvina alibaki ameshika mlango. Loveness alikuwa uani anafua nepi, mtoto mgongoni. Chumba cha ndani hakikuwa na mtu. Na Melkior, mume wake wa ndoa, alikuwa amekufa mwaka wa tisa sasa.

Nisije nikamwonea mama wa watu. Salvina hakuzaliwa mwongo. Alipika uji na makande ya shule miaka ishirini na miwili, na kwa kazi hiyo serikali ikampa nyumba katika Kota za Mijohoro, pale chini kidogo ya mji wa Moshi: sebule moja na chumba kimoja cha ndani. Nyumba zenyewe zilikuwa zimechoka. Mvua ikinyesha, masufuria yote yanatoka jikoni kwenda kukinga matone. Kwa hiyo mradi wa kuzikarabati ulipokuja na bati jipya, maji ya ndani, choo cha kuvuta, hata mafunzo ya cherehani kwa akina mama, watu walipiga vigelegele, na mimi nasema walikuwa na haki. Hakuna mpangaji atakayefukuzwa, walitangaza, na walikuwa wanasema kweli. Sharti lilikuwa moja. Kaya ya watu wanne inabaki na vyumba viwili. Pungufu ya hapo mlango wa kati unazibwa kwa tofali, na chumba cha ndani anapewa mwingine mwenye shida zaidi.

Salvina akahesabu vidole. Watatu. Loveness alikuwa amerudi kutoka Sanya Juu na kichanga cha miezi sita, na aliyempa hicho kichanga simu yake haipatikani mpaka leo. Sasa mama, binti na mtoto mchanga wabanane sebuleni, kitanda kimoja, jiko hapo hapo? Ungefanya nini wewe? Yeye alimwandikisha marehemu. Cheti cha kifo hakikuwahi kuchukuliwa, maana hata mwili haukuonekana.

Melkior alikuwa mpagazi wa watalii mlimani, wale ambao wenyewe wanajiita wagumu. Siku moja ukungu uliwakuta juu kabisa, kwenye mawe na barafu, na walipohesabiana kambini, mmoja alikuwa hayupo. Walitafuta siku kumi wakapata kofia yake. Basi ukoo wake kule Kirua Vunjo ukafanya inavyofanywa mtu akikosekana: wakakata mgomba, wakaufunga kwenye blanketi lake, wakauzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, katikati ya kahawa, wakapanda juu ya kaburi isale, mmea ambao Wachagga huutumia pia kuombea msamaha. Dada yake mkubwa, Ndelilio, alisimama pale akasema kwa sauti kila mtu asikie: "Kuanzia leo ndugu yetu amehesabiwa upande wa pili. Asihesabiwe tena upande huu."

Salvina alikuwepo. Aliyasikia kwa masikio yake mawili.

Siku ile ya kikohozi alijipa moyo, akasukuma mlango wa chumba cha ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Sanduku lilikuwa mahali pake. Ila sakafuni, mbele ya kitanda, palikuwa na alama mbili za nyayo zilizolowa, vidole vimeelekea mlangoni, na mvua haikuwa imenyesha tangu juzi.

"Bomba linavuja," Salvina akasema peke yake kwa sauti, akachukua tambara akapangusa.

Wiki iliyofuata mafundi waliingia. Fredy, fundi wa kupaka rangi, kijana wa Kahe mwenye maneno mengi, alimaliza sebule kwa siku moja, lakini siku ya tatu Salvina akaona chumba cha ndani bado hakijaguswa.

"Fredy, mbona huku ndani mmeacha?"

"Mama, tutaingiaje na mzee amekaa? Nimemsalimia, akaniambia subiri. Nimesubiri mpaka nimechoka."

"Mzee gani?"

Fredy akamwangalia kama anataniwa. "Mzee wako, mama. Si yule aliyekaa kitandani, amegeukia ukutani? Ila mama, sikufundishi kazi, mnunulie sweta. Chumba chote kimezizima kwa baridi."

Salvina akacheka. Kicheko gani kile, hata mwenyewe hakukitambua.

Tangu hapo mambo yakawa hayajifichi tena. Alipika kiburu, akakifunika, akatoka kuanua nguo. Aliporudi ndizi na maharage vilikuwa vimeliwa kutokea chini ya sufuria, juu pakabaki pazima pamekauka utando. Harufu ya blanketi bichi lililochanganyika na mafuta ya taa, harufu ile ile aliyorudi nayo Melkior kila safari, ilikaa ndani ya nyumba hata madirisha yakifunguliwa yote. Jirani mmoja alimpungia mkono kwenye foleni ya maji akasema, "Hongera, baba Loveness amerudi!" na Salvina, badala ya kukana, akaitikia, "Asante." Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lakini haya yalikuwa maji ya barafu.

Jumanne saa tisa alasiri alirudi kutoka sokoni Mbuyuni akamkuta Loveness amekaa nje kwenye kokoto za mafundi, amemkumbatia mtoto.

"Mama, mi humo ndani siingii tena," akanong'ona. "Bora nilale stendi."

"Kumetokea nini?"

"Ongea polepole. Anasikia." Loveness aligeuka akautazama mlango. "Nilikuwa nakunja nguo sebuleni. Mtu akauliza kutoka ndani, kwa adabu kabisa, 'Mama yupo?' Nikajua ni fundi. Nikasema hayupo, ameenda sokoni. Mama, mafundi leo hawakuja. Halafu Vicky nilikuwa nimemlaza kwenye kochi, nikamsikia anacheka. Nikageuka, namwona amenyoosha mikono juu, unajua anavyofanya akitaka kubebwa? Ameinyoosha kwenye mlango wa ndani. Nikamnyakua. Mshike, mshike mwenyewe uone."

Salvina alimpokea mjukuu wake, na jua la Moshi lile linalochoma utosi lilikuwa bado kali, na mtoto alikuwa amevishwa kofia na soksi na shali mbili, na pamoja na hayo yote mashavu yake yalikuwa ya baridi namna ambayo Salvina aliijua, baridi ya mikono ya mume wake alipokuwa akirudi kutoka juu na kumgusa shingoni kwa utani. Sasa hakukuwa na utani.

Loveness ndiye aliyempigia simu shangazi yake.

Ndelilio alishuka kutoka Kirua Vunjo kesho yake na gari la kwanza, mama wa miaka sabini na kitu, mrefu, gumboti miguuni, khanga begani, na ndani ya khanga majani ya isale aliyoyachuma kwenye kaburi la ndugu yake. Huyu mama ukoo wote ulikuwa ukimtegemea kwa mambo ambayo padre haulizwi.

"Shikamoo wifi," Salvina akasema.

"Marahaba." Hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, akavuta pumzi kwa pua, akautazama mlango wa ndani muda mrefu, kisha akawavuta wote wawili mpaka nje kwenye kokoto.

"Nani alimhesabu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Salvina aliinamisha kichwa. "Mimi."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Ya tatu nilikuwa sijajibu. Akakohoa mwenyewe."

"Ruwa, Mungu wangu!" Ndelilio akajishika kifua. "Basi ya tatu aliifunga mwenyewe. Salvina, wewe siku ile ulikuwa umesimama wapi? Hukunisikia?"

"Nilisikia, wifi. Nilitaka chumba. Nilitaka hawa wapate pa kulala."

"Najua. Kwa shida yako sikucheki." Akapunguza sauti zaidi, wakalazimika kumsogelea. "Sasa nisikilizeni. Yule siye Melkior. Melkior tulimlaza, amelala, nimetoka kwake alfajiri na isale yake ni mbichi. Huyu ni jini la kule juu. Alikaa na jina la ndugu yangu miaka yote hii, jina tupu, hana nyumba ya kuliingiza. Wewe ukampa nyumba. Anayesemwa yupo mara tatu, anakuwepo. Na yeye ameshajua njia hiyo hiyo inavyorudi: anayesemwa hayupo mara tatu, anatoka. Loveness, alikuuliza mama yupo, ukasemaje?"

"Nilisema hayupo, shangazi." Loveness alianza kulia. "Alikuwa sokoni kweli!"

"Hiyo ni moja. Zikifika tatu, mama yako anatoka na yeye anakaa. Asiulizwe tena mtu akajibu. Akiuliza, funga mdomo wako, hata akikuita kwa jina. Umeelewa?"

Ndelilio alirudi ndani, akafunga jani moja la isale kwenye kitasa cha chumba cha ndani. Humo ndani kitanda kikalia, kama mtu mzito amejigeuza. Jani la pili akamkabidhi Salvina.

"Neno linafutwa na mdomo uliolisema, mbele ya mtu aliyelisikia. Nenda kwa yule afisa, leo hii. Mpe isale, mwambie ulidanganya, akutoe mtu wa nne kwenye daftari lake. Ukishamtoa, mimi nitamfukuza humu ndani, hatakuwa na pa kushika."

"Na chumba?"

Ndelilio alimwangalia kwa huruma na hasira, vyote pamoja. "Chumba kitaenda."

Sasa hapa ndipo ninapokasirika mimi. Mtu ameambiwa leo, si aende leo? Ijumaa ndiyo siku orodha ya mwisho ilikuwa ibandikwe, na Salvina alijisemea, siku mbili tu, nikishapata barua ya vyumba viwili mkononi nitakwenda kukiri, pengine watanihurumia, pengine karatasi ikishagongwa muhuri hairudi nyuma. Aliliweka jani la isale kwenye glasi ya maji lisinyauke. Akamwambia wifi yake kwamba afisa amesafiri mpaka Ijumaa. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye alikuwa ameshafika karibu na mwisho wake. Ndelilio, asiyejua, akapanda mpaka Kirua kuandaa pombe ya mbege na vitu vyake, akaahidi kurudi hiyo Ijumaa jioni.

Ijumaa asubuhi Salvina alitoka kwenda dukani kununua sukari, dakika kumi hazikufika. Aliporudi, Fredy alikuwa amesimama sebuleni na brashi yake, anapiga mluzi. Jani la isale kwenye kitasa lilikuwa limekauka likawa la rangi ya tumbaku, jani la juzi tu, la mti ambao haukauki.

"Mzee wako alikuwa anakuuliza," Fredy akasema.

Mfuko wa sukari ukamponyoka. "Aliulizaje?"

"Mama yupo? Basi, hivyo tu. Nikamwambia hayupo mzee, katoka. Mama, vipi? Nimekosea?"

Mbili. Alichomoa jani lake kwenye glasi, linadondosha maji, akapita uani alikokuwa Loveness na mtoto, akamwambia, "Usijibu mtu! Usijibu mtu yeyote!" na akakimbia kama alivyo, na khanga na kandambili, mpaka ofisi ya mradi.

Ofisi ilikuwa imejaa. Watu kwenye mabenchi walimnung'unikia alipowapita, lakini Ezra alipoliona jani lile mkononi mwake alinyamaza katikati ya sentensi, akasimama. Alikuwa mtoto wa Kichagga. Anayeletewa isale hafukuzi mtu na hakatai kusikiliza, hata awe na hasira kiasi gani.

Salvina aliliweka jani juu ya meza kwa mikono miwili.

"Baba, nisamehe. Nilidanganya. Mume wangu amekufa miaka tisa. Nyumbani tupo watatu. Naomba umfute. Chukueni chumba, mjenge ukuta leo hii, sidai kitu, ila mfute."

Ezra aliketi taratibu. "Mama, na kile kikohozi?"

"Mfute kwanza, baba. Nakuomba kwa Mungu."

Uso wa kijana ulikuwa umeingia huruma. "Nimekusamehe, mama. Isale nimeipokea. Kumtoa mtu si tatizo, ila utaratibu hauniruhusu kumtoa nikiwa hapa mezani, lazima mwenzangu ahakiki akiwa mlangoni. Bahati nzuri Justina yuko kota kwenu sasa hivi, anabandika orodha." Alikuwa ameshabonyeza simu, ameiweka mezani na spika juu ili mikono yake ibaki kwenye kishikwambi.

"Usipige," Salvina akasema. "Baba, usipige!"

"Ni dakika moja tu, mama. Justina? Uko wapi? Nenda namba kumi na saba, nahakiki watu wa kaya."

"Nipo mlangoni hapo hapo," sauti ya dada mchangamfu ikajibu, na nyuma yake zikasikika nyundo za mafundi na mtoto akilia. "Kuna binti hapa nje na mtoto. Dada, habari yako? Mama Salvina yupo?"

Nyundo zikaendelea. Hakuna aliyejibu. Salvina alimwona Loveness kana kwamba yuko naye, amesimama kwenye kokoto, amefumba mdomo kwa nguvu zake zote kama alivyoagizwa, machozi yanamtoka, anatikisa kichwa kwa mtu asiyeelewa, na hapo ndipo Salvina akajua, akiwa ameiinamia ile simu na mikono yote miwili juu ya meza, kwamba mwanawe angenyamaza mpaka mwisho kwa sababu ni mtoto msikivu, na kwamba ukimya wake unamwachia mwingine nafasi ya kujibu.

"Loveness, sema nipo!" akapiga kelele. "Nipo! Mwanangu, sema mama yupo!"

"Dada mbona hunijibu?" Justina alikuwa akisema. "Jamani, hamna mtu mzima humu ndani? Hodi! Mama Salvina yupo?"

Kikohozi. Kikavu, kifupi.

"Hayupo," sauti ya mwanamume ikasema, kwa adabu kabisa, karibu sana na simu. "Hayupo siku nyingi."

"Ahsante mzee. Shikamoo. Umesikia, Ezra?"

"Nimesikia," Ezra akasema. Alikuwa akikitazama kioo, na vidole vyake havikusita hata kidogo. "Basi namtoa huyo mama. Inabaki kaya ya watu watatu: mzee Melkior, Loveness na mtoto Victoria. Chumba kimoja. Mwambie mzee mafundi waanze kuziba mlango wa kati leo, watabanana kidogo na binti yake lakini watazoea."

"Ezra!" Salvina aliita. "Baba, mimi hapa! Nitazame!"

Ezra aliinua uso. Macho yake yalipita pale aliposimama Salvina yakaenda mpaka kwenye mabenchi.

"Nani anafuata?"

Mama mmoja mnene aliinuka na bahasha yake, akaja moja kwa moja, akasimama hapo hapo aliposimama Salvina. Akajitanda khanga mabegani, akalalamika kwamba ofisi hii ina baridi. Ezra alimpokea bahasha, akatafuta mahali pa kuiweka, mkono wake ukagusa jani la kijani, bado bichi, bado linadondosha maji juu ya meza. Akaliokota.

"Nani ameacha isale hapa?" akauliza.

Watu kwenye mabenchi wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameona mtu.